Dawa ilituliza kichwa changu, mwili ukalipa bili

“Wee, umenona! Kumbe maisha imekubali?”

Hiyo ndiyo salamu niliyopewa na jamaa tuliyesoma naye sekondari, tulipokutana steji ya matatu za Karatina hapa Nyeri mjini. Nilicheka tu. Huku kwetu mlimani kunona ni sifa. Maana yake una doo, wikendi unakula nyama Kamakwa, na hulali njaa. Sikumwambia kwamba mfukoni nilikuwa na mia moja ya nauli na karatasi ya dawa. Wala sikumwambia kwamba zile kilo 21 hazikutokana na kuomoka. Zilitokana na kidonge ninachomeza kila usiku kabla ya kulala.

Wacha niweke mambo wazi. Nikiwa mwaka wa pili chuoni nilianza kusikia watu wakinisengenya kutoka ndani ya ukuta wa keja. Nikaacha kulala, nikaacha kuingia darasani, mwisho nikaacha chuo, au chuo kikaniacha. Mathe alinipeleka hospitali wakati nilikuwa nimeshaamini kwamba hata yeye ni mmoja wao. Nilipoanzishiwa olanzapini, zile sauti zilianza kufifia baada ya wiki chache. Kwa hivyo sitaki mtu asome makala haya halafu atupe dawa zake chooni. Dawa ilinirudishia kichwa changu. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyenieleza mwili utalipa nini, na hakuna aliyekuwa akipima.

Njaa ya dawa si njaa ya kawaida, wasee. Unamaliza sahani ya githeri, dakika ishirini baadaye tumbo linadai kana kwamba hujaonja kitu tangu jana. Kuna siku niliamka saa saba usiku nikamaliza sufuria ya mukimo uliokuwa wa watu wanne, nimesimama jikoni gizani. Asubuhi shosho akauliza kama kuna mgeni amelala.

Hii ina sababu, na haihusu ulafi. Olanzapini na klozapini hazigusi dopamini pekee kwenye ubongo. Huziba pia vipokezi vya histamini na vya serotonini, ambavyo husaidia ubongo kujua kwamba umeshiba. Vikizibwa, breki ya kula inalegea. Juu ya hapo, dawa hizi zinaweza kuvuruga kazi ya insulini, hivyo sukari na mafuta kwenye damu vinaweza kupanda hata kabla hujanenepa sana. Dawa zote haziko sawa. Risperidoni na kwetiapini ziko katikati. Aripiprazoli na haloperidoli kwa kawaida huongeza uzito kidogo tu, ingawa haloperidoli nayo ina deni lake: misuli kukaza, mikono kutetemeka, miguu kukataa kutulia.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema watu wenye magonjwa makali ya akili hufa miaka 10 hadi 20 mapema kuliko watu wengine, na wengi huuawa na magonjwa ya mwili yanayoweza kuzuilika, kama ya moyo. Soma hiyo tena polepole. Unaweza kupona sauti halafu ukazikwa na presha na sukari.

Kwenye kliniki niliyokuwa nikienda, foleni ilianza kabla jua halijatoka. Ukifika mbele, maswali yalikuwa mawili. Bado unasikia sauti? Hapana. Unalala? Ndiyo. Haya, dawa ya mwezi, kwaheri. Mizani ilikuwa kwenye korido, hatua kumi kutoka mlangoni, lakini waliopanda juu yake walikuwa akina mama wajawazito. Miezi minane yote, hakuna aliyeniambia nipande.

Kufikia hapo nguo zote zilikuwa zimenikataa. Msichana niliyekuwa naye akatania tumbo langu mbele ya marafiki, nami nikacheka kama kawaida. Wiki hiyo niliacha dawa. Sikumwambia mtu. Mwezi na nusu baadaye wanabodaboda walinipata karibu na Chaka usiku, natembea bila viatu kuelekea Nanyuki, nikitoroka watu ambao hawakuwepo. Baridi ya huko mnaijua.

Ndiyo maana nakasirika nikisikia “wagonjwa wa akili ni wakaidi, hawataki dawa.” Mimi niliacha kwa sababu ya suruali. Inachekesha, lakini mtu wa miaka 22 anaishi ndani ya mwili wake pia. Ukimwambia achague kati ya akili na mwili, kuna siku atachagua vibaya.

Hapa Nyeri tuna Mathari mbili. Moja ni hospitali ya misheni ya Consolata, hapa hapa kwetu, ambako mtu huenda kutibiwa ugonjwa wowote. Nyingine ni ile ya Nairobi, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko tangu 1910. Ukisema unaenda Mathari, watu huuliza ipi. Ukitaja ya Nairobi, sauti zinashuka. Nahisi matibabu yetu yamegawanywa vivyo hivyo: mlango mmoja wa mwili, mlango mwingine wa akili, na mgonjwa anayehitaji yote mawili anabaki katikati akishika faili.

Kinachohitajika si cha ajabu. Tangu 2004 vyama vya madaktari wa kisukari na wa akili Marekani vilikubaliana: kabla ya kuanza dawa hizi, mgonjwa apimwe uzito, kiuno, presha, sukari na mafuta ya damu. Uzito uangaliwe tena kila mwezi kwa miezi mitatu ya kwanza. Damu ipimwe tena mwezi wa tatu, kisha iendelee kufuatiliwa. Mizani tunayo. Utepe wa kupimia kiuno hata fundi wa nguo sokoni anao. Kipimo cha sukari ni tone la damu kidoleni.

Uzito ukipanda, zipo njia. Daktari anaweza kubadilisha dawa, au kuongeza metformini, dawa ya kisukari ya miaka mingi na ya bei nafuu. Tafiti zimeonyesha inapunguza unene unaoletwa na dawa hizi, hasa ikianzwa mapema. Kemisti anaijua, kuanzia Othaya hadi Nanyuki. Ila usijinunulie, ongea na daktari kwanza.

Mtandaoni utaambiwa kuna dawa mpya. Ni kweli. Septemba 2024 Marekani iliidhinisha Cobenfy, dawa ya kwanza ya skizofrenia baada ya miongo mingi inayofanya kazi bila kuziba dopamini moja kwa moja. Chanzo chake kilinishangaza. Kiungo chake kimoja, zanomelini, kiliundwa kwa kufuata muundo wa arekolini, kemikali iliyomo kwenye popoo. Ndiyo, popoo ile ile inayotafunwa na tambuu Mombasa na Lamu. Haijulikani kwa kunenepesha, ingawa inaweza kuleta kichefuchefu, kutapika na tumbo kufunga. Kabla hujakimbilia popoo: yenyewe husababisha saratani ya mdomo, kwa hivyo si tiba.

Nafurahia sayansi hiyo, lakini Cobenfy ilipotoka bei yake ilitangazwa kuwa dola 1,850 kwa mwezi. Hizo ni zaidi ya shilingi 230,000 zetu. Hapa mlimani tukisubiri hiyo ndiyo ituokoe, tutasubiri tukiwa tumekufa. Mizani iko kwenye korido leo.

Sheria ya Afya ya Akili ilifanyiwa marekebisho 2022, na inampa mgonjwa haki ya kushiriki katika kupanga matibabu yake. Tuitumie. Ukipewa dawa, uliza: itafanya nini kwa uzito wangu? Nitapimwa lini? Ikinishinda, kuna nyingine? Mzazi, ukimsindikiza mtoto wako, uliza kwa niaba yake, maana siku za kwanza kichwa chake bado kina kelele. Na serikali za kaunti, kuanzia Nyeri, Kirinyaga, hadi Laikipia, ziweke mizani, mashine ya presha na kipimo cha sukari ndani ya chumba cha kliniki ya akili, wala si jengo la pili.

Mimi siku hizi naenda kwa daktari mwingine. Alipunguza dozi polepole, akaniongezea metformini, na kila ziara napanda mizani kabla ya swali la sauti. Zimetoka kilo sita. Sauti hazijarudi. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mathe ananipima kiuno na utepe wake wa kushona, tunaandika kwenye kitabu cha kliniki.

Kwa hivyo ukinipata steji ya Karatina, usiniambie nimenona. Niulize kama nimepimwa sukari.