Mkono Uliopooza Usingojee Mashini



Siku hizi jamaa wanatuletea simu pale dispanseri, wanatuonyesha picha ya glovu yenye nyuzi na mota. Mtu aliyepooza upande mmoja anaivaa, vidole vinajifungua, anashika kikombe. Kisha wanauliza: «Munganga, kampani itatununulia lini?» Swali ni zuri. Lakini wakati wa kungoja jibu, mkono unalazwa juu ya mapaja kama mzigo, na vidole vinakauka vikiwa vimejikunja.

Tuelewe kwanza mashini yenyewe. Mtu akipooza ghafla, mkono wenyewe haukuharibika. Kilichoharibika ni sehemu ya ubongo inayouamuru, kwa kuwa mshipa wa damu umezibika au umepasuka. Aliyepigwa na jiwe kichwani aweza kupatwa vivyo hivyo. Sehemu za ubongo zilizobaki nzima zaweza kujifunza tena kazi ile, lakini kwa kurudia mara mia na mara mia. Glovu inavuta vidole kwa nyuzi au kwa hewa, nayo haichoki. Iko nyingine, IpsiHand, ambayo Marekani iliiruhusu mwezi wa Aprili 2021 kwa watu wazima waliopitisha miezi 6 tangu kupooza: kofia inasoma umeme wa ubongo, mgonjwa akiwaza kufungua mkono, mashini inaufungua. Ni akili kubwa, siidharau.

Lakini Uingereza walipima mashini kwa wagonjwa 770, habari ikatoka mwaka 2019. Haikuwa glovu, ilikuwa mashini ya mezani inayoongoza mkono. Waliotumia mashini hawakuweza kuutumia mkono kuliko wale waliopata matunzo ya kawaida. Na mwaka 2009 watafiti wa Marekani walihesabu mazoezi ya mkono katika vikao vya wagonjwa: harakati za kazi halisi zilikuwa kama 32 tu kwa kikao. Thelathini na mbili! Mtoto anayemenya karanga anazipita kabla sufuria haijachemka.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya: feza ikipatikana, ianze kwa kine, yaani fundi wa mazoezi ya viungo, na kwa gari la kuleta wagonjwa. Wengi ninaowaona wanakuja majuma mawili, matatu, kisha wanapotea, maana nyumba ni mbali na mguu nao haujapona. Glovu bila mtu wa kuifunga vizuri na kuitengeneza itakuwa pambo la kabati.

Nyumbani kazi yaweza kuanza mara daktari anaporuhusu. Mama, usimfanyie baba kila kitu. Mpe madesu achambue, kikombe kitupu akishike, nati na bulo kubwa azikaze na kuzilegeza, mkono mzima ukimsaidia mgonjwa. Watoto wahesabu kwa sauti. Wanapenda, na baba anaona haya kuacha kabla ya mia. Kama vidole havisogei kabisa, vifungue polepole wewe mwenyewe, naye avitazame na kuwaza kwamba ni yeye anayevifungua. Usivute mkono ule ukimwinua kitandani, bega litaumia. Maji ya moto jaribu wewe kwanza, kwani ngozi yake huenda haisikii.

Wako wanaosema amelogwa, wanampeleka mbali kwa maombi miezi miwili. Maombi sikatazi. Vidole vichezeshwe hata njiani.

Anayeruhusiwa kutoka lopitali aombe barua ya kine kabla hajapanda gari. Asiyeipata aje kwetu dispanseri pamoja na mtu wa nyumbani, tutamfundisha huyo mazoezi siku ile ile.