Msiwaite majiniazi, msiwaite wezi: fungueni kazi yao

Haya wasomaji, leo nina hasira kidogo, na ni hasira ya siku nyingi.

Kila mara wanafunzi wa shule ya upili hapa Kenya wanapotengeneza kitu na kikasambaa mtandaoni, iwe ni programu ya simu, video, tovuti au mchezo wa kuigiza, hutokea makundi mawili. Kundi la kwanza hupiga vigelegele: "Majiniazi hawa! Google mko wapi?" Kundi la pili huuliza: "Nani amewafanyia? Hii wamenakili mahali." Makundi haya hurushiana maneno siku mbili tatu, halafu yote hutoweka. Mimi nasema yana kosa moja. Wengi wao hawakuifungua kazi yenyewe wakaiangalia.

Nichukue mfano unaojulikana. Mwaka 2017 wasichana watano wa Kisumu Girls, waliojiita The Restorers, walitengeneza programu ya simu iitwayo i-Cut. Ilikusudiwa kuwasaidia wasichana walio katika hatari ya kukeketwa. Ilikuwa na vitufe vya kuomba msaada, kuokolewa, kupiga ripoti na kupata habari, na pia cha kuchanga pesa. Walieleza kwamba rafiki yao wa shule alikeketwa na hakurudi tena darasani. Kazi hiyo iliwafikisha kwenye fainali za shindano la Technovation huko California mwezi Agosti. Mwaka 2019 Bunge la Ulaya likawaweka kwenye orodha ya mwisho ya Tuzo ya Sakharov, ambayo hatimaye alipewa Ilham Tohti, msomi wa Kiuyghur aliyefungwa China.

Sifa zilifurika. Ungedhani ukeketaji ulikuwa umepatiwa dawa na kilichobaki ni kuipakua tu.

Sasa sikilizeni. Mimi naandika kutoka Sirisia. Mlima Elgon uko hapa karibu, na huko mlimani, ndani ya kaunti yetu ya Bungoma, bado kuna familia ambazo hazijauacha ukeketaji ingawa sheria ya mwaka 2011 iliupiga marufuku. Kwa hiyo naomba tuipime programu ile kwa binti mmoja wa kule juu. Ana simu? Kama ipo nyumbani, huenda ni mulika mwizi, na programu kama hiyo haiwezi kufunguka humo. Tuseme ipo simu ya kisasa. Ni ya nani? Pengine ni ya baba, ambaye ndiye anayepanga sherehe. Je, akibofya kitufe cha kuokolewa, ujumbe utabaki kwenye simu ili baba ausome jioni? Huko unakofika, nani anaupokea usiku wa manane? Atapata gari? Barabara ya mlimani mvua ikinyesha mnaijua wenyewe. Halafu tayari ipo namba 116 ya Childline Kenya, na ipo 1195 ya visa vya ukatili wa kijinsia. Zote mbili hupigwa bure hata kwa mulika mwizi, bila bando. Je, programu iliunganishwa nazo?

Hayo ndiyo maswali ninayomuuliza mwenzangu kazini akiniletea kazi yake. Sisemi kwamba hakuna aliyewauliza wale watano; majaji wa mashindano kazi yao ni hiyo. Ninaulaumu umma, maana sisi tulipiga makofi tukaenda zetu. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Anayeambiwa kila siku kwamba ameshamaliza kazi, toleo la pili ataliandika kwa sababu gani?

Tazameni takwimu za serikali zenyewe. Mwaka 2014 wanawake wa Kenya wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa wamekeketwa walikuwa asilimia 21. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 15. Hakuna programu moja ya simu iliyoleta mabadiliko hayo. Ni sheria, walimu, machifu, makanisa, misikiti na akina mama waliokataa. Programu ya wanafunzi ingeweza kuwa kifaa kimoja mikononi mwa watu hao. Hiyo pekee ni sifa kubwa, tena ya kweli.

Nakuja kwenu nyinyi wa kundi la pili, wa "nani amewafanyia". Technovation imejengwa juu ya washauri watu wazima wanaoelekeza timu, na hiyo si siri wala wizi. Mimi nina digrii ya sayansi ya kompyuta, na sijawahi kuandika programu ambayo kila mstari wake ni wangu. Natumia maktaba za msimbo zilizoandikwa na watu nisiowajua. Kila mwandishi wa programu duniani hufanya hivyo. Kama unashuku kwamba mwanafunzi hajafanya kazi yake, njia ya kujua ni rahisi: mwonyeshe kipande cha kazi na umwambie, "Nieleze hapa panatokea nini, na kwa nini ulichagua hivi." Ndiyo maana mradi wa somo la Kompyuta katika KCSE haukuwa programu tupu. Mwanafunzi alipaswa pia kuandika maelezo ya jinsi alivyolichambua tatizo na kuusanifu mfumo wake. Anayeelewa atakueleza. Asiyeelewa atakwama, na hapo ndipo mwalimu anaanzia kumfundisha.

Kuna na kundi la tatu, nalo lina vitoa machozi. Aprili 2025 wasichana wa Butere, jirani zetu wa Kakamega, walikwenda Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la maigizo na mchezo wao wa Echoes of War, ulioandikwa na aliyekuwa seneta Cleophas Malala. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza. Polisi walirusha vitoa machozi, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza. Watu wakabishana kwa wiki nzima kuhusu nani yuko nyuma yao. Mwandishi alikuwa mwanasiasa, ndiyo, na ni haki kulisema hilo. Lakini mchezo wenyewe unasema nini? Waliokuwa na jibu wakati ule ni wachache mno, kwa sababu wengi wetu tulichoona kwenye simu zetu ni moshi.

Mnaosema "ni watoto tu, msiwakosoe" nawaelewa. Mtoto alindwe, lakini tulinde jina na sura yake, kazi yake tuikosoe. Kwa sasa tunafanya kinyume: picha ya mwanafunzi akiwa na sare inazunguka kwenye WhatsApp nchi nzima, na kazi yake haina anayeijua. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 33, inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia data za mtoto. Mwaka 2023 shule moja ya eneo la Uthiru ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuweka picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Walimu wapendwa, wekeni kazi mtandaoni kwa jina la timu. Picha si lazima.

Na sisi wa fani hii tuache kujificha. Ukiona mradi wa wanafunzi wa Chwele, Malakisi au Kitale, tumia dakika kumi. Ufungue. Tafuta kitu kimoja kinachofanya kazi vizuri, ukitaje kwa jina. Tafuta mahali pamoja panapokwama, useme ulibofya wapi na nini kilitokea. Kisha uliza nani ataitunza programu hiyo wenyewe wakishamaliza shule. Mwandikie mwalimu wao hayo matatu.

Mwanafunzi akipata barua kama hiyo, Jumatatu ana kazi ya kufanya. Akiambiwa jiniazi au mwizi, hana cha kufanya ila kusubiri mtu mwingine amwambie tena yeye ni nani.