Kuziba Si Kutengeneza

Gari litokalo Mpanda kwenda Mamba, kupitia Sitalike na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hufika limejaa vumbi, na mara nyingi limebeba mzigo mzito. Lianzapo kutoa moshi mweusi na kupungukiwa nguvu, mafundi wengi nchini hukimbilia dawa moja: kukata kipande cha bati na kuziba njia ya vali ya kurudishia moshi, ambayo gereji huitwa EGR. Gari likichangamka, mwenyewe hulipa, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Kwa kweli hata haijaanza.

Vali hiyo si pambo. Hewa ni naitrojeni kwa kadiri ya 78%. Joto ndani ya silinda likipanda kupita kiasi cha nyuzi 1,400 za Sentigredi, naitrojeni huungana kwa wingi na oksijeni, zikafanyika oksidi zidhuruzo mapafu na kuleta mvua ya asidi. Vali hurudisha sehemu ya moshi ndani ya injini. Kwa kuwa moshi huo una oksijeni kidogo, joto la mwako hupungua.

Adui yake ni masizi, ambayo yakichanganyika na mvuke wa oili huganda na kuikwamisha. Ikikwama wazi, injini hutetemeka na kukosa nguvu. Ikikwama imefungwa, sumu huongezeka kimyakimya. Kwa vali iendeshwayo kwa ombwe, kipimo ni chepesi. Injini ikiwa na moto na inaunguruma taratibu, fundi huunga pampu ya mkono kwenye vali na kuvuta hewa. Injini ikiyumba au kuzimika, vali inafanya kazi. Ombwe likishika lakini injini isibadilike, vali imekwama au njia zimezibwa na masizi. Hayo husafishwa kwa brashi na dawa ya kabureta, kisha hutiwa gasketi mpya. Ombwe lisiposhika, kiwambo kimetoboka.

Wako wasemao kwamba mwananchi wa Mamba hana fedha za vali mpya, na kwamba hewa ya huko ingali safi. Hoja ya kwanza ina uzito, lakini inalipinga bati badala ya kulitetea. Moshi mweusi huweza pia kuletwa na kichujio cha hewa kilichojaa vumbi, au nozeli zilizochakaa. Azibaye bila kupima huacha ugonjwa wenyewe ndani, na mwenye gari hulipa mara mbili. Na usafi wa hewa ni sababu ya kuilinda, si ruhusa ya kuichafua.

Yafaa basi mwalimu wa kemia awapeleke wanafunzi gereji, waone kwamba kudhani, kupima na kuamua si mambo ya maabara peke yake. Fundi apimaye kabla ya kushika spana ni mwanasayansi. Azibaye tu, anaficha. Na wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.