Kwenye Milango ya Jehanamu
Kusini mwa Kasongo, karibu na Kongolo, mto Lualaba hubanwa na majabali, upana wake ukabaki kama meta 100. Mahali hapo huitwa Milango ya Jehanamu. Meli haipiti, ndiyo sababu ilijengwa njia ya gari-moshi toka Kindu mpaka Kongolo, ikamalizika mwaka 1910.

Kiangazi kimoja tulitembea juu ya genge. Kijana wetu akasogea ukingoni apate kutazama povu. Mzee aliyetuongoza akamshika mkono: “Mwanangu, hata hapa unaona.” Papo hapo jiwe lililokuwa mbele ya mguu wake likaporomoka. Hatukusikia lilivyoanguka, kwa ngurumo ya maji.

Enyi wazazi, wapelekeni watoto wakaone kazi ya Mungu. Lakini awepo wa kuwashika mkono.