Klasta Isiyojaribiwa Diski ni Hatari Kuliko Seva Moja

Wasomaji wangu, leo nina hasira, mnivumilie. Jumamosi iliyopita niliitwa kwenye afisi moja hapa Nairobi. Walikuwa na seva mbili zinazotumia kabati moja la diski, ili moja ikifa nyingine iendelee na kazi. Stima ilipotea, swichi ya mtandao ikazimika, lakini seva na kabati vikabaki hai kwa betri. Kila seva ikadhani nyingine imekufa. Zote mbili zikaifungua diski ile ile na kuanza kuandika. Mfumo wa faili ulikuwa ext4, ambao haukuundwa kufunguliwa na mashine mbili kwa wakati mmoja. Stima iliporudi, hesabu za wateja zilikuwa uji. Nakala ya akiba ya mwisho ilikuwa ya Jumanne.

Nikamwuliza fundi aliyefunga mitambo ile kama alijaribu diski. "Bosi, niliandika faili upande huu, nikahamisha diski upande ule, nikaiona. Inafanya kazi."

Jamani! Hilo si jaribio. Kusoma na kuandika hata flashi ya shilingi mia tano inaweza. Swali ni kama diski inajua kukataa.

SCSI-3 ina utaratibu wa kazi hii. Kila seva inajiandikisha kwenye diski kwa ufunguo wake, kisha mmoja anaweka zuio. Seva ikipotea njia, mwenzake anafuta ufunguo wake, na tangu hapo diski yenyewe inaikatalia kuandika, hata ikijiona mzima namna gani. Tatizo ni kwamba si makabati yote yanatii, hasa ya bei nafuu, na mengine hukosea pale seva inapoifikia diski kwa njia mbili.

Kujua ni kazi ya dakika kumi. Kwenye Linux tumia sg_persist iliyo ndani ya sg3_utils, kwenye diski TUPU tafadhali. Sajili funguo za seva zote mbili, weka zuio aina ya 5, futa ufunguo wa seva ya pili ukiwa kwenye ya kwanza, halafu jaribu kuandika kutoka ya pili. Ukitumia dd weka oflag=direct, la sivyo data itaishia kwenye kumbukumbu ya seva na utadanganywa kwamba imeandikwa. Ukipata kosa, shangilia. Ikiandika, rudisha kabati dukani.

Watu wa Windows hawana udhuru kabisa. Tangu Server 2008 majaribio haya yamo ndani ya mfumo. Wanayaruka kwa kuwa yanaondoa diski kazini kwa muda. Basi si ungeyafanya kabla ya kuanza kazi?

Na wale wa Pacemaker! Programu inakataa kuwasha huduma mpaka uieleze jinsi ya kumzuia mwenzake aliyepotea. Wao wanaandika stonith-enabled=false, kwa sababu waliona hivyo kwenye mwongozo fulani, na wanaenda nyumbani.

Najua jibu lenu: kuzuiana kwenyewe huleta maafa. Mtanitajia GitHub, tarehe 22 Desemba 2012, mawasiliano kati ya swichi yalipokatika kwa sekunde 90 na baadhi ya seva zao za faili zikazimana zote mbili. Ni kweli. Lakini amri za kuzimana zilipita kwenye mtandao ule ule ulioharibika. Hiyo ndiyo sababu nataka zuio likae kwenye diski, na nataka lijaribiwe waya ukiwa umechomolewa, si kwenye karatasi.

Akina dada wa uhasibu kwenye afisi ile bado wanaingiza upya risiti za siku nne kwa mkono. Kabati jipya linafika Alhamisi. Nimewaambia hakuna faili hata moja itakayoingia humo kabla sijachomoa waya mwenyewe, na fundi wao akiwa amesimama hapo anatazama.