Ikisiri za makongamano zaipotosha Kibera

Kila Julai inapokaribia, sisi wahadhiri wa Kiswahili huandamwa na wanafunzi wanaotaka kusaidiwa kuandika ikisiri. UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mnamo 2021, na hamu ya kushiriki katika makongamano ni jambo la kufurahisha. Hata hivyo, ikisiri zenyewe zinatia wasiwasi, hasa zile zinazohusu Kibera.

Juzi aliniletea yake mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili, mzaliwa wa Mashimoni. (Nasema Mashimoni ya Kibera, kwani Mathare nako kuna Mashimoni yake, na ikisiri haikutaja ni ipi.) Ilidai kwamba Kibera ina wakazi zaidi ya milioni moja, na kwamba vijana wake wote wameitupa lugha ya mama na kukumbatia Sheng. Ikamalizia kwa kuahidi kwamba matokeo yatajadiliwa na mapendekezo kutolewa.

Nilimwuliza hiyo milioni aliitoa wapi. "Mwalimu, wote huandika hivyo," akanijibu.

Ni kweli, huandika hivyo. Lakini sensa ya 2009 ilihesabu wakazi 170,070 katika Kibera. Mtu anaweza kubishana na sensa, na wapo waliobishana, ila asiyekuwa na hesabu yake mwenyewe hana msingi wa kuizidisha karibu mara sita. Tena mwanaisimu aliyechunguza usemi wa vijana kumi na wawili ana haja gani na milioni?

Naam, walikuwa kumi na wawili, wavulana watupu, wote wa maskani moja. Wasichana hawakuhojiwa. Wanubi wa Makina, ambao Kinubi chao kilichochipuka kutokana na Kiarabu kimesikika Kibera kwa zaidi ya karne moja, hawakutajwa kabisa. Hao ndio "vijana wote wa Kibera".

Ikisiri, kwa wasioifahamu, ni maelezo mafupi ya maneno kama 250 au 300. Wanaoitathmini aghalabu hufichwa jina la mwandishi, nao huamua kwa maneno hayo pekee. Huwa wanatafuta tatizo, mahali, watoa-taarifa, mbinu na kilichogunduliwa. Hicho cha mwisho ndicho kinachokosekana, na sababu yake si siri: wengi hutuma ikisiri kabla ya kwenda nyanjani. Tarehe ya mwisho huwadia, data haipo, na "matokeo yatajadiliwa" huziba pengo. Sisi wasimamizi tunalijua hilo na bado tunaidhinisha, maana hata kupandishwa kwetu cheo huhesabiwa makongamano. Mimi mwenyewe, nikiwa bado mwanagenzi, niliwahi kutetea mbele ya ukumbi mzima hitimisho nililokuwa nimeliandika kabla ya kunasa sauti hata moja.

Wanaoumia ni wengine. Ikisiri huchapishwa katika kijitabu cha kongamano, ikanukuliwa na mtu ambaye hakuisikia makala yenyewe, hatimaye ikamfikia mwalimu wa shule ya msingi. Naye akaamini kwamba mtoto wa Kibera hana lugha nyingine ila Sheng. Mtoto huyo, ambaye huenda anamudu lugha tatu au nne, huingia darasani akiwa ameshahukumiwa, na insha yake husahihishwa kwa jicho hilo.

Tuliketi alasiri mbili, mimi na mwanafunzi wangu, tukisikiliza alichorekodi. Humo mlikuwa na jambo ambalo yeye aliliona dogo mno: kila mzee alipopita pale maskani, vijana waliiacha Sheng papo hapo wakamwamkia kwa Kiswahili au kwa Kiluo, kisha wakaendelea na yao. Nikamwambia hilo ndilo lililostahili kongamano. Milioni ikafutwa, "wote" ikawa wavulana kumi na wawili wa maskani moja ya Mashimoni, Kibera, na kuamkia wazee kukapanda hadi sentensi ya pili. Yalibaki maneno 190.

Tuliituma siku mbili kabla ya tarehe ya mwisho. Jibu halijaja, na mwanafunzi wangu amerudi Mashimoni kuwatafuta wasichana.