Nani Amerithi Daftari la Bibi?

Bibi yetu wa Magomeni tulimzika makaburi ya Kinondoni, na kwa kweli tulimzika vizuri. Kamati iliundwa siku ileile. Majirani zetu Waislamu ndio waliotangulia kuleta majamvi na masufuria. Akina mama walishona sare ya kitenge, mpiga video hakukosa kitu, na jumuiya ndogondogo ilisali rozari kila jioni. Tulichanga mpaka hela ikabaki.

Siku ya arobaini tulisali Misa, tukala pilau, kisha tukakaa uani kuzungumzia mirathi. Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, vyumba sita na korido katikati, na tangu mwendokasi uanze kupita Barabara ya Morogoro mwaka 2016, kila mtu Magomeni anajua kiwanja chake kinatazamwa na nani. Msimamizi wa mirathi alipatikana, akapelekwa mahakama ya mwanzo. Kabati, cherehani, hata majiko ya mkaa, kila kitu kilipata mwenyewe. Daftari hakuna aliyelitaja.

Lilikuwa daftari la kawaida la shule, jalada limeshonewa uzi. Humo Bibi aliandika majina ya marehemu wa ukoo: wazee waliobaki Matombo, ndugu zake, watoto wawili aliowazika kabla hawajatembea. Aliwaandika hata wasio wa damu, kama yule mpangaji kutoka Songea aliyefia chumba cha nyuma bila ndugu karibu. Kila Novemba alikwenda nalo ofisini parokiani kuandikisha nia za Misa. Kati ya tarehe 1 na 8 alikwenda makaburini, kwa sababu siku hizo Kanisa linatoa rehema kamili kwa ajili ya marehemu, kwa anayezuru makaburi na kuwaombea, akiwa ameungama, amekomunika na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu. Sisi tulimsindikiza tukidhani ni matembezi ya bibi.

Michango si tatizo. Yuda Makabayo naye alichangisha: Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, kinasema alikusanya drakma 2,000 za fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya askari wake waliokufa. Sisi mchango wetu uliishia kwenye maturubai na vitenge. Mtakatifu Monika, alipokuwa anafariki Ostia mwaka 387, aliwaambia wanawe wasihangaike mwili wake uzikwe wapi. Aliwaomba jambo moja, wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Sidiria ya marumaru juu ya kaburi haikuwa ombi lake, na haikuwa ombi la Bibi pia.

Tunaona basi kwamba kikao cha mirathi kianze na swali hili kabla ya kufika kwenye nyumba: nani atawaombea wafu wetu? Atajwe kwa jina, mbele ya wote, kama anavyotajwa msimamizi. Kwetu Waluguru, tunaofuata ukoo wa mama, wazo hili si geni. Akifa Kingalu wa Kinole, anatafutwa wa kulibeba jina hilo, lisianguke. Wapo watakaosema Mungu hahitaji daftari, anawajua wote. Ni kweli. Lakini mtu asiye na jina la kutaja hawezi kuomba kwa muda mrefu, na watoto wetu waliozaliwa mjini hawajui hata babu yao wa tatu aliitwa nani.

Novemba iliyofuata tulikwenda ofisini mikono mitupu. Katibu akauliza majina. Tulikumbuka kumi na moja. Bibi alikuwa na zaidi ya sitini.

Daftari tulilipata baadaye kwa mtoto wa mpangaji, amefanyia hesabu kurasa zilizobaki wazi. Tulipekua mpaka mwisho. Jina la Bibi halikuwemo, maana mwandishi alikuwa yeye. Tumeliandika sasa, chini ya zile hesabu, na mjukuu wa binti yake mdogo amekubali kulitunza. Ana miaka kumi na tisa. Ameshauliza ofisi ya parokia inafunguliwa saa ngapi.